Uzito wa Gari Umelala Wapi: Niliyojifunza Nilipobadilisha Bushi, Boljointi na Shokapu

Gari langu lilikuwa limeshatembea zaidi ya kilomita 200,000 lilipoanza kugonga. Kwenye lami safi lilikuwa tulivu, lakini kila lilipopita polepole juu ya changarawe au vishimo vidogo, upande wa mbele kushoto ulitoa mlio mfupi na mkavu wa chuma kukutana na chuma. Baadaye yakaongezeka mengine: nikikanyaga breki, usukani ulivuta upande mmoja na pua ya gari ikazama kuliko zamani, na tairi la mbele kushoto likawa kipara upande wa ndani huku upande wa nje ukiwa bado mzima.

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu mwenye gari la umri kama huo ambaye ameshaambiwa abadilishe shokapu na hajui kama ndilo tatizo lenyewe. Nilitumia fedha nyingi kuliko ilivyostahili, na kwa muda mrefu niliendesha gari nisiloliamini nikiwa na watoto kiti cha nyuma. Karibu gharama hiyo yote ilitokana na jambo moja ambalo hakuna aliyenieleza mapema, nalo ni kwamba katika kazi nzima ya sasipensheni, yaani springi, shokapu na viungo vinavyoliunganisha gari na magurudumu, kuanzia kupima mpaka kukaza bolti ya mwisho, ni lazima ujue wakati huo uzito wa gari umelala wapi.

Fundi wa gereji ya kwanza aliligandamiza gari kona moja baada ya nyingine, akalitazama linavyopanda na kushuka, akasema shokapu za mbele zimekufa. Hakuwa amesema uongo, kwa maana moja ilikuwa inavuja mafuta hadi vumbi likaganda kuizunguka. Nikanunua mbili, zikafungwa, na gari likaacha kuyumba baada ya matuta, lakini mlio wa kugonga ukabaki palepale. Gereji ya pili nikaambiwa kwamba ni bushi za mikono ya chini, vile vyuma vinavyoyashikilia magurudumu kwenye chesi. Zikabadilishwa, mlio ukapungua, na kabla ya miezi mingi kupita ukarudi ukiwa mkubwa zaidi. Hapo ndipo nilipokata shauri kwamba sitalipia tena kazi ya kubahatisha. Nilitafuta kitabu cha ufundi cha modeli ya gari langu, nikamwomba fundi mmoja mstaafu ninayemheshimu anisimamie, na nikaamua kuifanya kazi hiyo kwa mikono yangu mwenyewe.

Mzee huyo hakuniruhusu nishike spana mpaka niweze kumweleza kazi ya kila kipande, na sasa naona alikuwa na haki. Springi ndiyo inayobeba gari, shokapu haibebi. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi: ndani yake pistoni huyalazimisha mafuta yapite kwenye vitundu vyembamba, na nguvu ya mtikisiko hugeuka kuwa joto. Kwa hiyo shokapu iliyochoka huliacha gari liendelee kudunda baada ya tuta, na mdundo huo huliondoa tairi barabarani kwa vipindi vifupi, jambo ambalo huongeza umbali wa kusimama unapofunga breki kwenye barabara mbovu. Gari lililolala upande mmoja, kwa upande mwingine, lina shida ya springi, na katika magari ya zamani mara nyingi ni pindo la mwisho la chini lililoliwa na kutu likakatika, mahali ambapo hapaonekani mpaka utoe matope. Bushi ni mpira ulioshikamana na mrija wa chuma wa ndani na mwingine wa nje, unaouwezesha mkono wa chini kupanda na kushuka bila chuma kusagana na chuma. Boljointi ni kiungo kinacholiruhusu gurudumu lipande, lishuke na likate kona kwa wakati mmoja. Stabilaiza linki ni vifimbo vyembamba vinavyoiunganisha nondo ya stabilaiza na magurudumu ili gari lisilale sana kwenye kona.

Ukishaujua mgawanyo huo, milio huanza kueleweka. Mlio mwepesi wa kugonga haraka haraka kwenye vishimo vidogo, gari likiwa katika mwendo mdogo, mara nyingi hutoka kwenye stabilaiza linki, ambayo ni spea ya bei nafuu kuliko karibu zote za sasipensheni. Kishindo kimoja kizito unapoanza kuondoka au unapofunga breki huelekeza kwenye bushi ya mkono wa chini, kwa sababu ndiyo inayozuia gurudumu lisisogee mbele na nyuma. Mlio wa springi kujinyoosha ghafla unapozungusha usukani gari likiwa limesimama hutoka kwenye beringi ya maunti ya juu ya shokapu, yaani kishikizo kinachoifunga shokapu kwenye bodi. Tairi lenye vibonde vibonde kulizunguka ni dalili ya shokapu, ilhali tairi lililolika ukingo mmoja tu ni dalili ya pembe za magurudumu kuharibika, na pembe hizo zinaweza kuharibiwa na bushi iliyochakaa kabla hata ya mtu kugusa alaimenti, yaani urekebishaji wa pembe hizo.

Dalili, hata hivyo, hazitoshi. Kipimo ndicho kinachothibitisha, na hapa ndipo mzee alipoanza kuniuliza swali ambalo aliendelea kuniuliza mpaka mwisho wa kazi: "Mwanangu, uzito uko wapi sasa hivi?" Gari langu lina mfumo wa MacPherson, ule wa mhandisi Mmarekani Earle MacPherson ambao Ford waliutumia kwenye magari yao ya Uingereza mwaka 1950 na ambao leo umeenea mno katika magari madogo. Katika mfumo huo springi imeizunguka shokapu na kusukuma bodi moja kwa moja, kwa hiyo uzito haupiti kwenye boljointi ya chini. Ili kuipima, gari huinuliwa kwa kuwekewa jeki kwenye bodi au chesi, gurudumu likaachwa lining'inie, kisha unapenyeza mtarimbo kati ya mkono wa chini na kichwa cha gurudumu (chuma kinachobeba gurudumu) na kuusukuma taratibu huku mtu mwingine akitazama na kugusa kiungo kwa kidole. Lakini katika gari ambalo springi yake imekaa juu ya mkono wa chini wenyewe, ukiliinua kwa chesi springi huendelea kuukandamiza mkono, boljointi ikabanwa, na kiungo kilichokwisha kikaonekana kizima. Gari la namna hiyo huwekewa jeki chini ya mkono, karibu na boljointi, ili kiungo kilegee na kuonyesha hali yake. Kosa hapa si dogo, kwa sababu boljointi ikichomoka gari likiwa kwenye mwendo gurudumu hulala na usukani hauna kazi tena.

Stabilaiza linki nayo ina utaratibu wake. Ukiinua gurudumu moja tu, nondo ya stabilaiza hujipinda na kuzivuta linki kwa nguvu, zikakazana na ulegevu ukajificha. Magurudumu yote mawili ya mbele yanapaswa kuwa katika kimo kimoja, yote chini au yote juu, ndipo uitikise linki kwa mkono. Tulipofanya hivyo, linki ya kushoto ililia palepale. Gereji zote mbili zilikuwa zimelitazama gari hilo likiwa na jeki upande mmoja.

Tairodi, zile fimbo zinazoyageuza magurudumu unapozungusha usukani, hupimwa kwa kulishika gurudumu lililoinuliwa kushoto na kulia, kama saa tatu na saa tisa kwenye uso wa saa, na kulisukuma kwa kupokezana mikono. Ukilishika juu na chini ukasikia linacheza, basi tazama boljointi au beringi ya gurudumu. Msaidizi akikanyaga breki na mchezo ukatoweka, mashaka huangukia beringi.

Kilichonihuzunisha zaidi ni bushi. Zilikuwa za karibuni, nimezilipia, na tulipoumulika mkono wa chini kwa tochi niliona mpira wa bushi ya nyuma umeachana na mrija wa ndani kwa ufa mpana uliopinda, na ndani ya ufa kingo zake zikiwa nyeusi na safi, bila vumbi wala nyufa ndogo ndogo za uzee. Mpira uliozeeka hukauka na kupasuka pasuka juu juu. Huu ulikuwa umenyongwa. Mzee alichukua kipande cha chaki, akachora mstari mmoja kwenye mrija wa ndani na mwingine kwenye mkono wa chini, kisha akalegeza bolti, na mrija ukajizungusha wenyewe kiasi cha upana wa kidole. Bolti ilikuwa imekazwa gari likiwa limening'inia. Mpira wa bushi haufanyi kazi kwa kuteleza. Mrija wa ndani hubanwa na bolti usizunguke, na mpira ndio unaojinyonga kidogo mkono unapopanda na kushuka. Ukiibana bolti hiyo magurudumu yakiwa hewani, unaufanya mpira uone kwamba hali ya kuning'inia ndiyo hali yake ya kupumzika, na gari linaposhushwa chini mpira hukaa umenyongwa saa zote, hata gari likiwa limeegeshwa. Kila tuta huunyonga zaidi, mpaka uchanike. Bushi ambayo ingedumu miaka hufa mapema hivyo, na mwenye gari huambiwa kwamba alinunua spea mbovu.

Ukipeleka gari gereji, uliza swali moja kabla ya kazi kuanza: bolti za bushi mtazikaza gari likiwa wapi? Jibu sahihi ni kwamba zitafungwa kwa kulegea hewani, gari litashushwa likae kwa magurudumu yake, litasukumwa na kutikiswa ili litulie, na ndipo bolti zikazwe kwa kipimo. Mahali pasipo na shimo la gereji au rampu, jeki huweza kuwekwa chini ya mkono wa chini na kuinuliwa mpaka kimo kati ya habu (kitovu cha gurudumu) na ukingo wa bodi kilingane na kile ulichokipima kwa futi kabla ya kuanza kazi. Kipimo hicho ni cha kuandika mapema. Ukishafungua hakuna njia ya kukipata tena.

Kuhusu ununuzi wa spea nitasema machache. Shokapu na springi hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia pamoja, kwa sababu upande mpya na upande mchovu haviwezi kulituliza gari sawasawa. Bushi na linki hazina ulazima huo, lakini zikiwa zimefungwa pamoja na kutembea pamoja, ya pili haiko mbali na kufa, na kazi ya kufungua ndiyo inayogharimu. Nilikuwa na uchaguzi wa kushindilia bushi mpya kwenye mikono ya zamani au kununua mikono mizima iliyokuja na bushi na boljointi. Nilinunua mizima. Bei yake ilikuwa kubwa zaidi kwa kuitazama, lakini kushindilia bushi kunahitaji presi, bushi ina uelekeo wake usiopaswa kukosewa, na boljointi zangu nazo zilikuwa ukingoni. Sikununua za bei ya chini kabisa zilizokuwa dukani, maana niliposhika mbili nikalinganisha, moja ilikuwa nyepesi waziwazi na mfuko wake wa grisi ulikuwa mwembamba na mgumu. Spea zilizotumika nisingezishauri kwa bushi, boljointi wala shokapu, hata zikiwa za kampuni iliyotengeneza gari, kwa kuwa vitu hivi huchakaa na huwezi kuona ndani yake. Jumlisha kwenye bajeti nati na bolti mpya pale kitabu kinapotaka, kotapini, na gharama ya alaimenti mwishoni. Mimi niliyahesabu hayo tangu mwanzo, na kwa hiyo kazi haikukwama katikati.

Siku ya kazi yenyewe, muda mwingi uliliwa na kutu. Bolti zote tulikuwa tumezisugua kwa brashi ya waya na kuzinyunyizia mafuta ya kulegeza kutu tangu siku iliyotangulia, na bado moja ilikataa kabisa. Subira ndiyo iliyotuokoa: kuikaza kidogo kabla ya kuilegeza, kunyunyiza tena, kusubiri, kugonga kichwa chake kwa nyundo. Moto wa gesi hatukuuleta karibu, kwa sababu ya mipira iliyopo pale na kwa sababu shokapu ina mafuta, na nyingi zina gesi yenye mgandamizo ndani yake.

Gari halikuachwa juu ya jeki hata kidogo. Jeki ni ya kuinulia. Linaloshikilia ni stendi, zikiwa juu ya sakafu ngumu, magurudumu ya nyuma yamezibwa kwa magogo, na gurudumu lililotolewa likalazwa chini ya bodi. Swali la mzee linahusu pia uhai wa aliye chini ya gari.

Ili kuitoa boljointi kwenye kichwa cha gurudumu, uma wa kupigilia hufanya kazi upesi lakini huchana mfuko wa grisi, kwa hiyo unafaa tu kwa kiungo kinachotupwa. Kwa tairodi zangu, ambazo zilikuwa nzima, tulilegeza nati bila kuitoa, kisha tukagonga kwa nyundo ubavu wa jicho lililoshika kiungo, si uzi wa kiungo chenyewe, na kikaachia. Kalipa ya breki tuliifunga kwa waya kwenye springi ili isining'inie kwa mpira wa breki. Kichwa cha gurudumu nacho kilifungwa, kwa maana kikiangukia nje kinaweza kuichomoa draivu shafti, fimbo inayolizungusha gurudumu, kwenye maungio yake, na waya wa ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapofunga breki) ni mfupi.

Shokapu nilizouziwa gereji ya kwanza zilikuwa bado nzuri, lakini maunti za juu hazikuwahi kubadilishwa, na beringi ya kulia ilikuwa imekaukiana. Ilibidi springi ibanwe ili maunti itoke. Hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote. Katika gari la kilo 1,200 lenye injini mbele, kila springi ya mbele hubeba zaidi ya kilo 300, na hata shokapu ikiwa imetolewa kwenye gari, springi yake bado imekandamizwa na nati moja tu ya juu. Uzito wa gari haupo tena, lakini nguvu yake imebaki imefungwa mle ndani. Nati hiyo ikifunguliwa kabla springi haijabanwa, springi na maunti huruka kwa nguvu ya kuua. Tulitumia vibanio viwili vizima vyenye usalama wake, kila kimoja upande wa pili wa mwenzake, tukavikaza kwa kupokezana raundi chache chache, mpaka springi ikaachia kitako chake na kuweza kuzungushwa kwa mkono. Hakuna aliyesimama mbele ya ncha za springi. Fimbo ya shokapu haikushikwa kwa koleo, kwa sababu mkwaruzo mmoja kwenye fimbo hiyo inayong'aa huichana sili na mafuta yakaanza kuvuja. Kama huna vibanio vizuri, au nyuzi zake zimelika, peleka shokapu na springi gereji yenye mashine ya kubania. Malipo ya kazi hiyo pekee ni madogo.

Tulipomaliza kufunga, bolti za bushi zikiwa zimelegea, tulilishusha gari, tukalisukuma mbele na nyuma na kuligandamiza mpaka likatulia. Ndipo nikalala chini na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, na kuzikaza moja moja kwa kipimo cha kitabu. Nafasi ilikuwa finyu na mikono ilinitetemeka kwa uchovu, na naelewa vizuri kwa nini fundi mwenye magari mengine yanayomsubiri huzikaza juu hewani mahali penye nafasi. Naelewa, lakini sikubaliani naye.

Nilipoondoka, kitu cha kwanza nilichokisikia ni ukimya. Nilipita kwenye changarawe ileile iliyokuwa ikinitisha, na koo likanibana kwa furaha, kwa sababu kwa miezi mingi nilikuwa nimezoea kulisikiliza gari kuliko kuiangalia barabara. Usukani ulikuwa umekaa upande kidogo, nami nilikwenda taratibu, maana kubadilisha mikono ya chini huharibu pembe za magurudumu na tairi jipya linaweza kulika haraka sana. Nilikuwa nimeweka alama kwenye bolti zinazoishikilia shokapu kwenye kichwa cha gurudumu, kwa kuwa matundu yake huruhusu mchezo na mchezo huo hubadili mlalo wa tairi. Alama hizo zilitosha kunifikisha kwenye mashine ya alaimenti salama, hazikutosha kuchukua nafasi yake. Nilihakikisha upepo wa matairi uko sawa kabla ya kupimwa, na nikasubiri nipewe karatasi yenye vipimo vya kabla na baada. Katika karatasi hiyo, pembe za gurudumu la mbele kushoto, lile lililokuwa na tairi la kipara, ndizo zilizokuwa mbali zaidi na vipimo vya kitabu.

Baada ya kutembea kilomita 100 hivi nilipitia tena nati za magurudumu, ambazo kwa magari mengi madogo hukazwa kati ya nyutoni mita 90 na 120, pamoja na bolti nilizozigusa. Moja ya stabilaiza linki ilikubali kukazwa kidogo. Tangu hapo, kila ninapobadilisha mafuta ya injini natazama mifuko ya grisi ya boljointi kama imepasuka, napitisha kidole kwenye shokapu kutafuta mafuta, na namulika bushi gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake.